Kidonge cha Ijumaa Kiandikwe Ijumaa

Bahasha ya dawa haizidi kiganja cha mkono. Nyingine ni ya karatasi ya kaki, nyingine ni ya plastiki ya kubana juu, na zote zina mistari michache iliyochapwa: jina la mgonjwa, jina la dawa, tarehe. Katika nafasi inayobaki mtoa dawa huandika kwa kalamu ile alama ambayo watu wa Kigoma na watu wa Malindi huisoma bila kufundishwa na mtu: 1x3, 2x2, 1x1. Namba ya kwanza ni idadi ya vidonge, ya pili ni mara ngapi kwa siku. Mtoto wa darasa la tatu akipewa bahasha hiyo anamsomea bibi yake, na bibi anakunywa dawa sawasawa.

Ni alama nzuri. Imewarahisishia kazi manesi na wafamasia, na imewasaidia wagonjwa ambao kusoma sentensi nzima kunawapa taabu. Lakini ipo dawa moja isiyoingia humo. Inaitwa methotreksati, na mgonjwa wa baridi yabisi huinywa mara moja tu kwa wiki. Tuseme daktari ameandika miligramu 10. Hivyo ni vidonge vinne vya miligramu 2.5, vinamezwa siku moja, kisha zinapita siku sita bila kidonge hata kimoja. Wiki haina nafasi kwenye bahasha. Mtoa dawa mwenye foleni iliyofika mlangoni anaweza kuandika kile ambacho mkono wake umekizoea, 4x1, na bahasha itasomwa kama bahasha zote zinavyosomwa: vidonge vinne, mara moja, kila siku. Ikifika siku ya saba mgonjwa atakuwa amemeza dozi ya wiki saba.

Kosa hilo huua. Limeua Uingereza na limeua Australia, nchi zenye kompyuta kwenye kila dirisha la dawa. Hata hivyo hakuna sababu ya kuikimbia dawa yenyewe, maana kwa mgonjwa wa baridi yabisi ni vigumu kupata nyingine inayofanya kazi kubwa hivyo kwa bei ndogo hivyo. Wagonjwa wa Afrika Mashariki wanastahili kuipata kwa wingi, na ili waipate kwa usalama, siku ya kuinywa inapaswa kuandikwa kwa herufi kamili, kwa Kiswahili, kwenye kila bahasha na kila boksi. Hilo halihitaji mashine mpya. Linahitaji amri na wino.

Baridi yabisi si baridi. Jina hili limewaponza wagonjwa wengi, kwa sababu mtu akilalamika vidole huambiwa ni umande, ni kufua kwa maji ya baridi, ni uzee umeanza. Ukweli ni kwamba kinga ya mwili, ile inayopaswa kupambana na vijidudu, imegeuka na kushambulia utando laini unaozunguka viungo. Wanawake huugua mara mbili hadi tatu zaidi ya wanaume, na wengi huanza wakiwa bado na nguvu za kulima, kuuza sokoni na kulea. Asubuhi ndiyo saa mbaya. Mama anashindwa kuzungusha kifuniko cha chupa ya chai. Mwiko anaushika kwa viganja viwili, kama mtu anayetwanga. Kukamua nguo amemwachia binti yake. Inapita saa nzima, pengine zaidi, kabla vidole havijalegea, na kufikia saa tano anaonekana mzima kiasi kwamba majirani wanadhani anajidekeza. Ugonjwa usipozuiwa mapema, mfupa unaliwa taratibu, vidole vinapinda kuelekea upande wa kidole cha mwisho, na vikishapinda havirudi.

Kinachopatikana karibu ni diklofenaki. Iko kila duka la dawa, inatuliza maumivu, na mtu akiinywa mwezi baada ya mwezi tumbo na figo huanza kulipa. Mfupa unaendelea kuliwa vilevile. Prednisoloni nayo huleta nafuu ya haraka, mgonjwa akaamka siku ya pili akisema amepona, lakini ikinywewa muda mrefu uso unajaa, sukari inapanda na mifupa inapoteza uimara wake. Methotreksati haina haraka hiyo. Huchukua kati ya wiki 6 na 12 kabla mgonjwa hajaona tofauti ya maana. Ila ikishashika, inazuia kile ambacho dawa za maumivu haziwezi kukizuia: uharibifu wa kiungo chenyewe. Ndiyo maana miongozo ya tiba ya baridi yabisi huitanguliza, na ndiyo maana Shirika la Afya Duniani limeiweka kwenye orodha yake ya dawa muhimu. Hati miliki yake ilikwisha zamani na viwanda vingi huitengeneza.

Ajabu ni kwamba dawa hii haikutengenezwa kwa ajili ya viungo. Ilitengenezwa kuua saratani.

Habari yake inaanzia kwenye chakula. Mwishoni mwa miaka ya 1920 daktari Mwingereza, Lucy Wills, alikwenda Bombay kuchunguza upungufu wa damu uliokuwa ukiwamaliza wajawazito waliofanya kazi kwenye viwanda vya nguo. Mwaka 1931 alichapisha alichokiona: Marmite, ile hamira nyeusi ya kupaka kwenye mkate, iliwarudishia damu. Kilichofanya kazi ndani yake hakikujulikana bado. Mwaka 1941 wanakemia wa Marekani walikikamua kutoka kwenye majani ya spinachi na kukipa jina linalotokana na neno la Kilatini la jani: folati. Mama yeyote aliyehudhuria kliniki ya wajawazito Tanzania anakifahamu, kwani ndicho kilicho pamoja na madini ya chuma kwenye vidonge vya FEFO. Mgonjwa wa selimundu anakifahamu zaidi: ni kile kidonge kidogo cha njano cha asidi foliki anachokunywa maisha yake yote.

Seli haiwezi kugawanyika bila folati. Daktari wa Boston, Sidney Farber, aliliona hilo kwa uchungu alipowapa watoto wenye saratani ya damu dawa za jamii ya folati na ugonjwa ukaenda mbio zaidi. Akageuza wazo. Kama folati inailisha saratani, basi kitu kinachoziba njia ya folati kitaifanya ife njaa. Yellapragada Subbarow, mwanasayansi mzaliwa wa Andhra, India, aliyekuwa akiongoza utafiti katika kampuni ya Lederle, alimpatia kitu hicho. Kiliitwa aminopterini. Juni 1948 Farber aliripoti kwamba kati ya watoto 16 waliopewa, 10 walipata nafuu. Ilikuwa nafuu ya muda, lakini kabla ya hapo hapakuwa na nafuu ya namna yoyote. Methotreksati ni ndugu mdogo wa aminopterini, mpole kidogo kuliko mkubwa wake.

Afrika Mashariki iliifahamu mapema. Mwaka 1957 daktari wa upasuaji wa hospitali ya Mulago, Kampala, Denis Burkitt, aliitwa kumtazama mtoto aliyevimba taya pande zote, juu na chini. Uvimbe ule leo unabeba jina lake duniani kote. Mapema miaka ya 1960 methotreksati ilikuwa miongoni mwa dawa za mwanzo kabisa kujaribiwa juu yake, na watoto wa Uganda walikuwa miongoni mwa wagonjwa wa kwanza kuwaonyesha madaktari kwamba saratani inaweza kuyeyuka kwa dawa bila kisu.

Wakati huohuo, habari nyingine ilikuwa imelala kwenye makabati. Mwaka 1951 Richard Gubner na wenzake wa New York walikuwa wameandika kwamba dozi ndogo ya aminopterini ilituliza viungo vya wagonjwa wa baridi yabisi na kusafisha ngozi za wenye soriasisi. Hawakusikilizwa. Miaka mitatu kabla yao, katika Mayo Clinic, Philip Hench alikuwa amempa kotisoni mwanamke aliyelemazwa na ugonjwa huu, na ndani ya siku chache akasimama na kutembea. Kotisoni ilipata Tuzo ya Nobel mwaka 1950. Nani angetaka sumu ya saratani wakati muujiza umeshapatikana? Madhara ya kotisoni yalipoanza kuonekana, Gubner alikuwa ameshasahaulika.

Waliomkumbuka walikuwa madaktari wa ngozi, walioendelea na soriasisi mpaka mamlaka ya dawa ya Marekani ikaidhinisha methotreksati kwa ugonjwa huo mapema miaka ya 1970. Kwa upande wa viungo ilibaki mikononi mwa wachache wakaidi. Rex Hoffmeister, daktari wa mji wa Spokane, kaskazini magharibi mwa Marekani, aliendelea kuwapa wagonjwa wake, na mwaka 1983 akachapisha uzoefu wa miaka 15 na wagonjwa 78. Mwaka 1985 Michael Weinblatt na wenzake wa Boston wakafanya kile kilichokuwa kimekosekana: jaribio la wagonjwa 28, kila mmoja akinywa methotreksati kwa wiki 12 na kidonge kisicho na dawa kwa wiki nyingine 12, bila kujua kipi ni kipi. Jibu likawa wazi. Mwaka 1988 dawa ikaidhinishwa kwa baridi yabisi.

Kutoka 1951 hadi 1988 ni miaka 37. Kucheleweshwa huko kulilipwa kwa vidole vya watu, na kumbukumbu yake inapaswa kumsumbua kila anayesema kwamba dawa za zamani hazina la kuongeza.

Inawezekanaje dawa moja iwe sumu ya saratani na tiba ya vidole? Jibu ni kipimo. Mgonjwa wa saratani anaweza kupewa methotreksati kwa gramu, kwa dripu, akiwa amelazwa, na dawa nyingine ya kumwokoa ikiwa tayari pembeni. Mgonjwa wa baridi yabisi hupewa kati ya miligramu 7.5 na 25 kwa wiki. Ni tofauti ya moto wa tanuri la matofali na moto wa kubandikia chai. Kwa kiwango hiki kidogo dawa haifanyi kazi kwa kuua seli. Inausukuma mwili uachie adenosini, kemikali yake wenyewe inayotuliza uvimbe, na ndiyo maana mgonjwa anaweza kurudishiwa asidi foliki bila kupoteza faida. Asidi foliki hiyo hupunguza kichefuchefu na kulipumzisha ini.

Haki itendeke pia upande wa pili: dozi ndogo si dawa ya kila uvimbe. Mwaka 2018 watafiti wa Marekani na Kanada walitoa majibu ya jaribio la watu 4,786 wenye ugonjwa wa mishipa ya moyo. Walitaraji kwamba dawa inayopoza viungo itapoza na mishipa. Haikupoza. Idadi ya waliopata mshtuko wa moyo na kiharusi haikupungua. Anayesikia habari za dawa ya zamani iliyopata kazi mpya aulize swali lilelile la mwaka 1985: imejaribiwa dhidi ya kidonge kisicho na dawa, na jibu lilikuwa nini? Kwa baridi yabisi jibu lipo, na limezidi kuthibitishwa kwa miaka arobaini.

Pamoja na hayo, wapo wagonjwa wanaoiacha kabla haijaanza kufanya kazi. Ndani ya boksi mna karatasi ndefu iliyokunjwa mara nane, mara nyingi kwa Kiingereza, na humo neno saratani linajirudia. Mgonjwa anamwomba kijana wa nyumbani amsomee. Kijana anafika kwenye neno hilo, ananyamaza. Familia inaamini kwamba daktari amewaficha kitu, na vidonge vinaishia nyuma ya kabati. Dakika mbili za maneno kwenye chumba cha daktari zingetosha: dawa hii kwa dozi kubwa hutibu saratani, kwa dozi hii inatibu viungo, wewe huna saratani, na usitarajie nafuu kabla ya mwezi mmoja na nusu. Kazi ya kusema hivyo ni ya daktari, na haifai kumwangukia kijana wa nyumbani.

Sasa kuhusu vifo. Mwaka 2004 taasisi ya usalama wa wagonjwa ya Uingereza ilipitia kumbukumbu za miaka 10 na kukuta matukio 137 yaliyohusu methotreksati ya kunywa, yakiwemo vifo 25 na madhara makubwa 26. Wataalamu wa Australia walipitia miaka ya 2000 hadi 2014, wakakuta vifo 22 vinavyohusishwa na dawa hii. Katika vifo saba kati ya hivyo ilirekodiwa kwamba mgonjwa aliinywa kila siku, kwa siku 3 hadi 10 mfululizo. Siku tatu. Hiyo ni kutoka Ijumaa hadi Jumapili.

Kinachotokea mwilini kinaeleweka. Dozi ya wiki hutolewa na figo, na seli hupata nafasi ya kupumua. Dozi ya kila siku haizipi seli pumziko. Zinazoumia kwanza ni zile zinazogawanyika kwa kasi: utando wa mdomo, utumbo, na uboho unaotengeneza damu. Mgonjwa anaamka na vidonda mdomoni, hawezi kula. Homa inafuata kwa sababu chembe nyeupe zimekwisha. Kisha michubuko isiyo na sababu na damu kwenye fizi. Anayeona dalili hizo asisubiri tarehe ya kliniki, aende hospitali siku hiyohiyo na bahasha mkononi. Ipo dawa ya kumwokoa, asidi folini, na inafanya kazi vizuri zaidi kadiri inavyotolewa mapema. Kuna mtego mmoja tu: vidonda vya mdomoni na homa hufanana na mambo mengi, na bila kuiona bahasha daktari wa zamu anaweza kuanza na malaria.

Ulaya haikuendelea kuwalaumu wagonjwa. Mwaka 2019 Shirika la Dawa la Ulaya liliagiza kwamba boksi na kadi ya mgonjwa vimkumbushe kuwa ni mara moja kwa wiki. Mwaka 2020 mamlaka ya Uingereza iliwataka madaktari wakubaliane na mgonjwa siku moja ya wiki na kuiandika kwa ukamilifu kwenye cheti cha dawa. Baraza la Famasi na Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba Tanzania, na Bodi ya Famasia na Sumu Kenya, zina uwezo uleule wa kuagiza.

Ila kunakili tu hakutatosha, kwa sababu Kiswahili kina mitego yake. Wataalamu wa usalama wa dawa wanaotumia Kiingereza wameonya kwamba Jumatatu iepukwe, maana jina lake kwa lugha hiyo likiandikwa harakaharaka hufanana na neno la asubuhi. Kiswahili kimejaza namba ndani ya majina ya siku. Jumamosi ina mosi, Jumapili ina pili, Jumatatu ina tatu, Jumanne ina nne, Jumatano ina tano. Na kila mwenye simu anajua jinsi siku hizo zinavyofupishwa: tukutane J3, mkutano J4. Sasa mtoa dawa aandike kwenye bahasha "4 J3". Unahitajika mwandiko mbaya kidogo tu ili isomwe 4x3, yaani vidonge kumi na viwili kwa siku. Hata "mara moja kwa wiki" na "mara moja kwa siku" zinatofautiana kwa neno moja tu, tena la mwisho, lile ambalo msikilizaji aliyechoka hulikosa.

Kwa hiyo siku za kuchagua ni mbili, Alhamisi na Ijumaa. Alhamisi kwa asili yake ya Kiarabu ni siku ya tano, lakini sikio la Mswahili halisikii namba ndani yake. Ijumaa ni bora zaidi. Hakuna asiyejua leo ni Ijumaa: Mwislamu ameikumbuka kwa sala, mtumishi wa ofisini kwa wiki inayokwisha, mwanafunzi kwa mapumziko ya kesho. Anayechefuliwa na dawa atachefuliwa Jumamosi, akiwa nyumbani. Mwezi wa Ramadhani hauvurugi chochote, kwani vidonge vya Ijumaa usiku humezwa baada ya futari. Mgonjwa mwenye siku nyingine anayoikumbuka kuliko zote, labda siku ya gulio la kijijini kwao, apewe hiyo, mradi iandikwe kamili bila kifupisho.

Mambo mengine ni ya kiutendaji na hayana gharama. Maduka na hospitali ziweke kidonge cha miligramu 2.5 peke yake kwa wagonjwa wa viungo, kwa kuwa kile cha miligramu 10 kikiingia bahasha moja nacho, vinne vinakuwa miligramu 40. Mgonjwa apewe vidonge vya wiki nne na si zaidi. Kwa dozi ya vinne, hivyo ni vidonge 16, na anayerudi siku ya tano akisema vimekwisha ametoa taarifa ya hatari bila kujua. Kabla ya kuanza, apimwe picha kamili ya damu, ini na figo, na arudiwe kupimwa kadiri daktari atakavyopanga. Mwanamke anayeweza kushika mimba aelezwe waziwazi, kwa sababu dawa hii huharibu mimba na inatakiwa iachwe miezi kadhaa kabla ya kutafuta mtoto. Pombe ipunguzwe au iachwe, ini lina kazi ya kutosha.

Na Septrin. Hili linahitaji kupigiwa kelele Afrika Mashariki kuliko mahali pengi duniani. Septrin inauzwa hadi kwenye maduka ya dawa muhimu vijijini, kwa kikohozi, kwa kuharisha, kwa mkojo unaochoma, na watu wengi wanaoishi na virusi vya UKIMWI wamekuwa wakiinywa kila siku kama kinga. Nayo huziba njia ileile ya folati. Zikikutana na methotreksati mwilini, uboho unaweza kuporomoka hata kama mgonjwa alikunywa vidonge vyake Ijumaa tu, kama alivyoagizwa. Muuza dawa hawezi kujua asipoambiwa. Kadi ndogo ya mgonjwa, ya Kiswahili, yenye sentensi moja inayosema "Natumia methotreksati, usinipe Septrin", ingefanya kazi ambayo semina kumi haziwezi kuifanya.

Limebaki jambo la rangi. Kidonge cha methotreksati cha miligramu 2.5 mara nyingi ni kidogo na cha njano. Kidonge cha asidi foliki ni kidogo na cha njano. Mgonjwa hutoka dirishani na vyote viwili, kimoja cha siku moja kwa wiki na kingine cha siku zilizobaki kwa ratiba ya daktari. Vikimwagwa mezani na mjukuu anayecheza, au vikitiwa kwenye kichupa kimoja ili kuokoa nafasi ndani ya mkoba, hakuna jicho litakaloweza kuvitenganisha kwa uhakika. Bahasha mbili zisizofanana zitasaidia. Ya asidi foliki inaweza kubaki na alama zake za kawaida. Ya methotreksati isiwe na alama ya x popote. Iandikwe kwa herufi kubwa: VIDONGE VINNE, IJUMAA USIKU TU, SIKU NYINGINE USINYWE.

Kisha mtoa dawa asimkabidhi mgonjwa kabla hajamsikia. "Mama, hizi utakunywa lini?"

"Ijumaa usiku."

"Na Jumamosi?"

"Jumamosi sinywi. Mpaka Ijumaa nyingine."

Hapo ampe bahasha, na amwite anayefuata.